Paka Si Pambo la Harusi



Leo hatuzungumzii singo wala mitindo ya mitandio. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa paka. Tunajua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna dhambi ambayo wengi wetu tumeifanya mzaha.

Tulipanda boti kutoka Pemba kwenda Tanga kumpamba mwali. Nyumba ya shughuli ilikuwa Ngamiani, katika zile barabara za namba, na watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Bibi harusi alikuwa na paka mweupe, manyoya marefu, uso bapa, zawadi ya mchumba wake. Wazo lilikuwa paka apakatwe kwenye picha za siku ya hina: naye atiwe rangi mkiani, naye anukie, afanane na mwenyewe. Asubuhi akapelekwa kwenye saluni moja ya kina mama pale mjini, iliyosema kwamba sasa inaosha na paka.

Alirudishwa baada ya saa tatu. Mafundo ya manyoya yalikuwa yamekazana zaidi kuliko alivyokwenda. Nyuma ya sikio palikuwa na jeraha la mkasi. Mkia ulikuwa umepakwa piko. Na mwili mzima ulinuka mafuta ya karafuu. "Tumemtia karafuu asikunukieni vibaya," tuliambiwa, tena kwa upole, kama tumefanyiwa hisani.

Magharibi haijaadhiniwa, paka akaanza kutokwa na mate. Akatetemeka, akatapika, akaingia chini ya kitanda asitoke. Mwali hina mikononi haijakauka, amekaa sakafuni analia, hawezi hata kumshika. Akaitwa daktari wa mifugo, akamwosha yale mafuta, akamtundikia maji. Alhamdulillahi, paka alipona. Picha hazikupigwa.

Sasa tuseme la kutuumiza sisi wenyewe. Tulikuwa wanawake sita pale, wote kazi yetu ni ngozi za watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza paka amepakwa nini. Tulisema, "Mashaallah, ananukia."

Ndiyo maana tunaandika. Tunasema hivi, na tunalisema kwa sauti: paka si pambo la harusi. Miadi ya kumwosha na kumchana mnyama ni kazi ya kumkagua kiumbe hai asiyeweza kusema panapomuuma. Anayeigeuza kuwa kazi ya kumtia rangi na manukato, iwe mwenye saluni au mwenye paka, anamdhulumu mnyama yule kwa ajili ya macho ya wageni.

Ngozi ya paka ni sahani yake

Mwali tukimsinga, tunamuuliza: ngozi yako inapatana na liwa? Inapatana na karafuu? Ukiwashwa, sema. Kabla ya piko, mpambaji anayejua kazi humpaka tone dogo mahali pa siri akasubiri siku mbili, kwa sababu piko imewababua mabibi harusi wengi mikono na miguu, mwingine akaingia ukumbini na malengelenge. Mwali ana mdomo. Ataoga, ataliosha, atapiga kelele.

Paka hana la kusema. Ana ulimi tu, na ulimi huo ndio kitambaa chake cha kuogea. Saa nyingi za siku yake huzitumia kujilamba. Kila unachompaka juu ya ngozi, atakila. Mwambie hivyo kila mtu anayekuja na kichupa: ngozi ya paka ni sahani yake.

Na ini la paka halifanani na lako. Lina upungufu wa kimaumbile katika kuvunja baadhi ya vitu ambavyo miili yetu huvivunja bila taabu. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli. Kwetu sisi ni dawa ya jino na harufu ya nyumba. Kwa paka ni sumu. Yamo katika kundi hilo mafuta mengi ya kunukia yanayouzwa kwa vichupa, na yale ya mti wa chai ni mabaya sana. Vidonge vya paracetamol, ambavyo tunampa mtoto mwenye homa kwa kipimo, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini, ukimpaka paka, atapatwa na mitetemeko na degedege, na anaweza kufa. Na yale mafuta ya taa ambayo bado wapo wanaompaka kumfukuza viroboto humuunguza ngozi kwa nje, na akijilamba humuunguza kwa ndani.

Sisi tunaishi katikati ya karafuu. Pemba inanuka karafuu, na upande wa pili wa maji, Muheza na milima ya Amani, zinalimwa vilevile. Haiwezekani sisi ndio tuwe watu tusiojua karafuu inamfanya nini kiumbe anayelala miguuni petu.

Mnyama huyu hakuwa najisi tangu hapo

Wengine watasema, "Mimi namtia manukato kwa sababu naswali, na paka anapita kwenye mswala." Dada, hilo lilikwisha kuamuliwa kabla yako. Imepokewa katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi kisa cha Kabsha, mke wa mtoto wa sahaba Abu Qatada. Alimwekea mkwewe maji ya udhu, paka akaja, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mama yule alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu.

Tazameni adabu ile: mzee anainamisha chombo ili paka afikie maji. Sisi tunamwinamisha paka ili afikie kamera.

Kwa hiyo kumwosha paka si suala la tohara. Ukimwosha, mwoshe kwa faida yake: kwa sababu ana kupe, kwa sababu mafundo yanamvuta ngozi, kwa sababu ameingia kwenye oili ya gari. Ikiwa sababu ni picha tu, muache.

Na wote tunaijua habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tunaisimulia kwa watoto madrasa. Lakini tunaisimulia kana kwamba dhambi pekee ni njaa. Kiini chake ni kwamba alimshika kiumbe asiye na njia ya kutoka, kisha hakumtimizia haki yake. Paka wa manyoya marefu aliyefungiwa ndani ya nyumba ya Tanga, ambaye hawezi kujichana mwenyewe na hakuna anayemchana, naye yumo katika kifungo.

Miadi ya kweli inakuwaje

Tusilaumu bila kuonyesha njia. Katika miji mikubwa, Dar es Salaam na Nairobi kwa mfano, wapo wanaoifanya kazi hii kwa ujuzi, mara nyingi ndani ya kliniki za wanyama, na ndugu zetu wa Maskati na Dubai wameizoea. Haya ndiyo mambo yanayotakiwa kutendeka, na mkiyajua hamtadanganywa.

Kwanza ni maswali. Paka ana umri gani? Amechanjwa kichaa cha mbwa? Ana mimba? Amewahi kuumwa? Amewahi kumng'ata mtu? Mahali wanapompokea mnyama bila kuuliza neno, geuka urudi naye.

Pili ni ukaguzi kwa mikono na macho. Mtu anayejua atampapasa kuanzia kichwani: macho yanatoa uchafu? Masikioni mna ungaunga mweusi, ambao mara nyingi ni dalili ya wadudu? Ufizi ni mwekundu? Kuna uvimbe, kidonda, kupe, viroboto? Chini ya mkia pako safi? Akikuta ugonjwa, kuosha kunasimama na mnyama anapelekwa kwa daktari. Hapo ndipo thamani ya miadi ilipo. Uvimbe uliojificha chini ya manyoya marefu, wewe mwenye kumpakata kila siku huenda hujauona.

Tatu ni kuchana, na huku ni kabla ya maji, si baada. Fundo la manyoya likilowa hukaza kama kamba iliyolowa. Saluni ile ya mjini ililowesha kwanza, ndiyo maana mafundo yalizidi. Fundo dogo hufunguliwa kwa vidole na kitana, polepole. Kubwa huondolewa kwa mashine ya kunyolea, si kwa mkasi, kwa sababu ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika juu pamoja na fundo. Unadhani unakata nywele, kumbe unakata ngozi. Lile jeraha la nyuma ya sikio lilipatikana hivyo hivyo.

Nne ni kucha. Hukatwa ncha ile inayopenya mwanga tu. Ndani mna sehemu ya waridi yenye damu na hisia, haiguswi. Na akitokea mtu wa kukushauri kumng'oa paka kucha kabisa ili asichane makochi mapya ya fungate, jua kwamba anakushauri kumkata kifundo cha mwisho cha kila kidole. Jitazame mkono wako wenye hina, hesabu vidole, kisha umjibu.

Tano ni maji, kwa yule anayeyahitaji. Maji ya vuguvugu, kidogo, chini ya kifua. Shampuu iliyotengenezwa kwa paka, kwa sababu yetu sisi humkausha ngozi. Uso haumwagiwi maji, hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa. Masikio hufutwa kwa pamba pale panapoonekana tu, bila kuchokonoa ndani. Kisha anasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, maana povu linalobaki ataliramba.

Sita ni kukausha. Taulo kwanza. Draya, ikiwa anaivumilia, iwe ya joto dogo na mkono wa mtu uwe kati ya upepo na ngozi. Paka wa uso bapa hupumua kwa shida hata kwenye kivuli. Ukimfungia kwenye kizimba na draya inavuma, katika joto letu la pwani, unacheza na roho yake.

Mwisho, unapewa taarifa: tumeona hili, angalia lile, rudi baada ya muda fulani. Na katika hatua zote, mnyama akichoka, kazi inasitishwa. Dawa ya usingizi hutolewa na daktari wa mifugo peke yake. Mwosha paka anayekuambia, "Tutampa kitu kidogo atulie," hana ruhusa hiyo.

Je, umeona mahali palipotajwa rangi? Umeona udi? Utepe? Hamna.

Majibu kwa wanaotupinga

Tunawasikia. Wa kwanza wanasema, "Huo ni uzungu, paka kuwekewa miadi." Tunawajibu: sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamwita Abu Hurayra, na jina hilo alilipata kwa kimwanapaka chake. Huruma kwa paka hatukuazima kwa mtu. Bibi zetu walimtoa paka kupe kwa kucha zao barazani, wakamtupia vichwa vya samaki, wala hawakumtia rangi. Kilicho kigeni hapa ni huku kumvalisha na kumpiga picha.

Wa pili wanasema, "Ni israfu. Watoto wa watu hawana sare za shule, nyinyi mnaosha paka." Hoja hii ina uzito, na sehemu yake tunaikubali. Paka wetu wengi wa Tanga, wale wa manyoya mafupi wanaoshinda soko la samaki na kulala juu ya mabati, hawahitaji miadi yoyote. Wanajiosha wenyewe. Wanachohitaji ni chakula, maji safi, chanjo, na kutorushiwa mawe. Hata kuwaogesha si lazima. Gharama inamwangukia yule aliyechagua paka ambaye binadamu amemzalisha kwa namna ya kushindwa kujitunza. Ukimnunua huyo, gharama ya kumchana si israfu tena, ni deni. Israfu ilikuwa pale uliponunua ili upigwe naye picha.

Na tuulizane kwa mapenzi: mtu aliyelipia ukumbi, keki ya ngazi na wapiga picha wawili, ndiye wa kusema hana pesa ya daktari wa paka?

Wa tatu wanasema, "Mimi nililetewa zawadi, sikumuomba." Hili linatuuma zaidi, kwa sababu ni kweli. Basi maneno yetu yawaendee wachumba na mawifi. Msimpe mwali kiumbe hai kama mnavyompa seti ya vyombo. Paka anaweza kuishi miaka 15. Paka wa manyoya marefu anataka kuchanwa kila siku. Mwali anaingia nyumba mpya, mume mpya, mama mkwe mpya, na insha Allah mimba. Mnamwongezea na kazi hiyo bila kumuuliza, kisha mnashangaa paka ameishia jalalani. Akishapokelewa, hata hivyo, amekuwa amana. Amana haiulizwi ililetwa na nani.

Na kama moyo unapenda paka mzuri, kwa nini mtazame mbali? Pwani yetu ina paka wake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini ya Mombasa, wapo paka ambao Wagiriama huwaita kadzonzo, kwa jinsi madoa yao yanavyofanana na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater alichukua watoto wa paka hao akawalea, na leo dunia inawajua kwa jina la Sokoke. Manyoya yao ni mafupi, yamelala mwilini, yanalingana na joto letu. Hakuna fundo, hakuna draya. Hata paka wa mtaani kwako, shume yule mwenye sikio lililochanika, hana haja ya draya. Mpe jina tu na sahani ya dagaa.

Kwa mama mwenye saluni

Hatuandiki ili tukukatie riziki, na jina lako hatutalitaja. Umeona wateja wanauliza, ukafungua mlango. Lakini kazi ya nywele za watu si kazi ya manyoya ya wanyama, kama ambavyo fundi cherehani hashoni jeraha. Jifunze kwanza. Tanga haina ukame wa elimu ya mifugo: pale Buhuri ipo kampasi ya LITA inayofundisha mambo ya mifugo, na maofisa mifugo wapo. Anza na kuuliza. Na ujue kwamba Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Mbele ya Mola, kesi ni nzito zaidi.

Nanyi dada zetu, kabla hujamwacha paka wako mikononi mwa mtu, uliza haya:

1. Ni nani atakayemshika, na alijifunza wapi?
2. Mnamchana kabla ya kumlowesha, au baada?
3. Nionyesheni chupa ya shampuu. Imeandikwa ni ya paka?
4. Mnampaka mafuta, manukato au rangi yoyote? Jibu likiwa ndiyo, ondoka.
5. Naweza kukaa nikaona?
6. Akiumia au akiugua, mnamwita daktari gani wa mifugo?

Kama hakuna anayeweza kujibu, baki nyumbani. Kitana cha meno mapana, dakika kumi kila siku baada ya Alasiri, kikapu cha kumbebea, na namba ya daktari wa mifugo kwenye simu yako: hivyo vinatosha. Akikuparura au kukung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali, maana kichaa cha mbwa hakisubiri harusi iishe.

Na siku ya kufukiza udi, mtoe paka nje ya chumba. Moshi huo ni raha yako, si yake.

Mwali wetu wa Ngamiani ameshaingia kwake. Ameninginiza kitana cha paka kwenye msumari karibu na mswala wake, anamchana akimaliza nyiradi za jioni. Ule mkia wenye piko ulikaa wiki nyingi kabla manyoya mapya hayajaota. Anatuambia kila akiuona anaona haya. Sisi pia, dada. Sisi sita wote.

Allah atujaalie mikono ya huruma kwa wenye ndimi na wasio na ndimi, na atubarikie ndoa zetu na kila kinachozunguka ndani ya nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.